Stima Ikipotea, Mashine Kubwa Haisahau

Munyaka, Eldoret
7 Oktoba 1990

Kwa shangazi yangu, Tata Wangari,

Nakuandikia nikiwa kaunta ya duka la Baba. Mvua ya mawe inapiga mabati hata wateja wameacha kuongea, wananyoosha tu kidole kwa kile wanachotaka. Sote tuko wazima. Mama goti lake limepona, na ndugu yangu Waweru ameingia Fomu Tatu. Shamba letu la Turbo limezaa vizuri, ingawa lori la kubeba mahindi limekwama mara mbili kwa matope. Natumaini huko Manchester hujambo, na kwamba wagonjwa wako hospitalini hawakuchoshi sana.

Tata, nimepata kazi. Mimi ni fundi wa chumba cha kompyuta kule Chepkoilel, ambako chuo kikuu kimefungua kampasi. Kila asubuhi mimi ndiye ninayefungua huo mlango.

Ndani kuna mashine mbili. Ya kwanza ni kubwa, inafika kwenye dari. Tulipewa na chuo kimoja cha huko kwenu kilipoichoka. Imeunganishwa na vioo vinane kama vya televisheni, watu wanane wanaweza kuitumia kwa pamoja. Ikiwaka inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, na inakula stima vivyo hivyo. Ya pili ililetwa mwezi jana ndani ya katoni. Inakaa juu ya meza, imevaa kitambaa. Waalimu wanaiita tu 386, kwa jina la prosesa yake. Prosesa ndiyo ile sehemu inayofanya hesabu zenyewe. Katika ile ndogo, prosesa ni kitu cha ukubwa wa biskuti moja. Katika ile kubwa, prosesa ni droo nzima iliyojaa bodi za umeme, na ukitaka kuivuta nje unahitaji mwenzako.

Mkuu wetu, Bwana Thuo, amenipa kazi ya kuzilinganisha. Anataka ripoti kufikia Februari, kisha moja ibaki na nyingine iondoke, kwa sababu chumba kinatakiwa kiwe darasa. Juzi nilizipa zote mbili hesabu moja. Ndogo ilimaliza kwa dakika nne. Kubwa ilichukua dakika ishirini na sita. Nilicheka peke yangu. Biskuti imeishinda droo.

Nakuwekea picha yangu nikiwa na koti jeupe la kazi. Mama anasema nimefanana na wewe ulipoondoka.

Mimi wako,
Mwihaki


Manchester
30 Oktoba 1990

Mwihaki, mama yangu mdogo,

Umebeba jina la mama yangu, kwa hivyo usishangae nikikuita hivyo. Picha nimeitia kwenye fremu karibu na dirisha. Huku majani yameisha kwenye miti na giza linaingia mapema. Mimi sijambo. Mwambie mama yako goti alifunge kwa kitambaa hiki cha sufi wakati wa baridi.

Hukuandika kaka yangu Mburu anasemaje. Sikuulizi.

Nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu ya ile mashine kubwa. Nina maswali, ukipata nafasi unijibu. Imetengenezwa mwaka gani? Kwenye droo ya kumbukumbu, pale inapoweka namba inazofanyia kazi, kuna bodi za chipu nyeusi, au kuna fremu bapa zilizofumwa kwa nyaya nyembamba? Ukiona fremu usiziguse.

Tena ufanye jaribio moja. Zipe mashine zote mbili hesabu ndefu, na zikiwa katikati ya kazi, zima stima. Washa tena. Uniandikie ulichokiona.

Usishangae maswali haya. Niliyasoma kwenye gazeti fulani.

Nakukumbatia kwa mbali,
Tata Wangari


Chepkoilel
25 Novemba 1990

Kwa Tata,

Tulipokea barua yako na kitambaa cha sufi, na Mama amekivaa hata kanisani. Hapa tunavuna. Baba hayuko nyumbani mchana kutwa kwa sababu ya mahindi ya Turbo.

Sasa sikiliza. Mashine ni ya mwaka 1973. Kumbukumbu yake ni fremu, kama ulivyosema, na sikuzigusa. Jaribio nililifanya siku ya Jumanne. Nilimwomba Zachariah, askari wetu, azime swichi kubwa ya nje. Chumba kikanyamaza. Nilihesabu hadi mia moja, nikamwambia awashe.

Ndogo iliamka kama mtoto mchanga. Haikujua jina lake wala ilikuwa ikifanya nini. Kazi yote ya saa nzima ilikuwa imepotea. Kubwa ilinguruma, taa zake zikawaka mstari mmoja baada ya mwingine, na Tata, iliendelea. Haikuanza upya. Iliendelea kutoka namba ile ile iliyokuwa imefika, kama mtu aliyekatizwa kwa kupiga chafya. Zachariah alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Hiyo ilikumbuka?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi nikiamka asubuhi sikumbuki hata kofia niliweka wapi."

Nimefurahi, lakini pia nimeanza kuwa na wasiwasi, nikueleze kwa nini.

Kuna mwalimu hapa, Daktari Kimutai, mtaalamu wa mbegu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipanda aina mia sita za mahindi, huku Eldoret na kwenye miji midogo ya Ziwa na Turbo, akipima kila shina. Amepata mahali pa kupanda aina arobaini tu Aprili ijayo. Zile arobaini bora zitajulikana kwa hesabu moja ndefu sana. Mbegu zenyewe ziko kwenye makopo tangu alipomaliza kupima, huu ni mwaka wa nne. Ameniambia kwa sauti ya chini, "Mwihaki, hizi zikikosa udongo Aprili, nyingi hazitaota tena. Nitakuwa nimepima mashina miaka kumi na miwili bure."

Prosesa ndogo ingemaliza hesabu hiyo kwa saa nane mfululizo. Lakini wapi nitapata saa nane? Stima ya hapa inapotea kila siku, na jioni saa kumi na mbili Zachariah lazima azime swichi kubwa, ndiyo amri. Nimejaribu mara tano. Mara moja nilifika saa ya saba, nikaanza kuimba, na hapo hapo kioo kikawa cheusi. Programu ililetwa kutoka ng'ambo kwenye disketi ikiwa imefungwa, siwezi kuibadilisha ndani. Kubwa itachukua saa hamsini, yaani wiki nzima ya kazi, lakini stima ikipotea haijali. Nimeanza kuandika ile hesabu upya kwa ajili yake kutoka kwenye daftari la Daktari. Krismasi ikiisha nitaianzisha.

Mimi wako,
Mwihaki


Manchester
14 Desemba 1990

Mama yangu mdogo,

Krismasi njema kwenu nyote. Nimetuma soksi. Za rangi ya kahawia ni za kaka yangu, kama atazikubali.

Usiandike ripoti bado. Bwana Thuo akikuharakisha mwambie kazi haijaisha. Unazilinganisha kwa mbio tu, na mbio ni jambo moja.

Lakini ndogo pia usiidharau. Nimeifikiria nikiwa kazini. Mtu anayefuma kikapu cha kiondo akiitwa ghafla hukiweka chini, naye hukikuta palepale alipokiacha, kwa sababu ameshafunga fundo. Je, huwezi kuandika programu yako mwenyewe kwa hiyo ndogo, ili kila robo saa iandike kwenye disketi mahali ilipofika? Hapo ikiamka bila kumbukumbu, itasoma disketi na kuendelea. Mimi sijui programu. Wewe ndiye unayejua.

Huku theluji imeanza.

Tata Wangari


Munyaka
19 Januari 1991

Kwa Tata,

Soksi zilifika. Mama na Waweru wanashukuru. Za kahawia ziko mezani kwa Baba.

Barua hii ni fupi kwa sababu nimeumia moyo. Wazo lako la disketi ni zuri sana na nimelianza, lakini kulimaliza kunahitaji miezi, mimi bado najifunza. Kwa hivyo Januari saba niliianzisha mashine kubwa. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili saa tano ikasimama, ikaonyesha kosa. Nimetafuta wiki nzima. Kuna mahali kwenye kumbukumbu panaposoma sifuri kila wakati, hata ukiandika nini.

Nilivuta droo na Zachariah akishika upande mwingine. Tata, sijawahi kuona kitu kama kile. Fremu ya ukubwa wa sahani, na ndani yake vipete vyeusi vidogo kuliko punje ya wimbi, maelfu na maelfu, kila kimoja kimepitishwa nyaya nyembamba kama nywele. Daktari Kimutai aliangalia kwa kioo chake cha kukuzia mbegu akasema hakuna mashine inayoweza kufuma hivi, lazima ni mikono ya watu. Mahali fulani humo ndani kuna waya umekatika, na sijui ni wapi.

Bwana Thuo si mtu mbaya, lakini amesema kitu kilichokufa kinazikwa. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanakuja tarehe ishirini na nane Februari. Nimemwomba aningoje hadi siku hiyo.

Je, kwenye maktaba za huko kunaweza kuwa na kitabu kinachoeleza fremu hizi? Hata ukurasa mmoja.

Mwihaki


Manchester
2 Februari 1991

Mwihaki,

Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Isome yote kabla hujagusa kitu.

Tafuta mita ya kupimia waya, fundi yeyote wa redio atakuwa nayo. Pande zote za fremu utaona pini. Kila waya unaanza kwenye pini ya upande mmoja na kuishia kwenye pini ya upande wa pili. Gusa pini hizo mbili kwa mita, waya baada ya waya, usiruke hata mmoja. Nyaya zote zitajibu isipokuwa mmoja. Huo ndio uliokatika.

Usitafute mkato katikati penye vipete. Hapo hakuna kinachouvuta waya. Hukatika pembeni, unapokunjwa kuingia kwenye pini, kwa sababu mashine hupata joto mchana na kupoa usiku, na baada ya miaka mingi pembeni ndipo panapochoka. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili.

Ukiuona, usiuvute. Vipete huvunjika kama biskuti kavu, na kimoja kikivunjika hakuna wa kukurudishia. Waya una rangi juu yake, inaonekana kama shaba tupu lakini si tupu. Ikwangue kwa msasa laini sana, mara mbili, si tatu. Chukua kipande kifupi cha waya mpya, kiunge kati ya mkato na pini. Chuma cha solda, kile cha kulehemu nyaya, kiwe na ncha ya sindano. Gusa, hesabu moja, ondoa. Ukihesabu mbili umeunguza wa jirani.

Ufanye kazi hiyo asubuhi, karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto. Uwe umekula, ili mkono usitetemeke. Kahawa usinywe. Pumua kwa pembeni, usipumulie fremu. Na kabla ya kuanza, kaa dakika kumi ukiiangalia tu, hadi macho yazoee, utaanza kuona mistari kama matuta ya shamba.

Nimetia waya na sindano tatu za kuongozea waya ndani ya kadi. Sindano zisipotee.

Utaweza. Mikono hiyo naijua ilikotoka.

Wangari


Chepkoilel
24 Februari 1991

Tata,

Inafanya kazi.

Nimeandika hilo kwanza kwa sababu sikuweza kungoja hadi baada ya salamu. Sasa nasalimu. Hatujambo.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa, imefunguliwa na kugandishwa tena kwa gundi. Siku iliyofuata watu wawili wa serikali wenye suti walikuja kumwuliza Bwana Thuo ni nani huko Manchester anayetuma michoro ya nyaya, na hii kumbukumbu inayotengenezwa ni ya nini. Daktari Kimutai aliwapeleka ghalani akawaonyesha makopo mia sita, kopo moja moja, akiwasomea urefu wa kila shina. Walipofika kopo la arobaini walikumbuka wana mkutano mahali. Siandiki zaidi juu ya hilo.

Mita niliazima kwa Adongo, fundi wa redio mjini. Alikataa kuniachia peke yangu, akaja nayo mwenyewe. Tulipima waya mmoja mmoja, yeye akigusa, mimi nikiandika. Waya wa hamsini na tatu haukujibu. Nikaangalia pembeni kwa kioo, na ulikuwa pale pale ulipochora. Mwanya mdogo kuliko unywele.

Nilikula uji. Nilikaa dakika kumi. Matuta ya shamba nikayaona. Adongo alikuwa ameshika pumzi kuliko mimi. Nikagusa, nikahesabu moja, nikaondoa. Tulipowasha, nafasi ile iliyokuwa inasoma sifuri ikasoma tisa, niliyoiandika. Adongo alikaa chini sakafuni akasema, "Dada, huyu aliyekuandikia, mwambie kuna kazi kwangu wakati wowote." Bwana Thuo aliitwa, akaangalia, akawapigia simu watu wa vyuma wasije.

Hesabu ya Daktari imeanza jana. Itaisha kabla ya tarehe tano.

Tata, sasa naomba nikuulize. Nesi anajuaje waya unakatikia wapi?

Mwihaki


Munyaka
20 Machi 1991

Kwa Tata Wangari,

Kila siku napita posta na sanduku letu halina kitu. Labda barua imekwama njiani. Labda swali langu lilikuwa baya. Kama ni hilo, nisamehe, sitaliuliza tena.

Lakini siwezi kukunyima habari. Hesabu iliisha tarehe nne. Stima ilipotea mara tisa katikati. Karatasi ilipoanza kutoka, Daktari Kimutai alisimama akiipokea kwa mikono miwili. Kati ya zile arobaini, kumi na moja ni aina alizokuwa amezitupa akilini miaka mingi, kwa sababu mashina yake ni mafupi. Alisema, "Nilikuwa nikiangalia urefu, na hizi zilikuwa zikifanya kazi chini chini."

Ripoti nimeiandika. Nimesema prosesa ndogo ina mbio mara sita kuliko kubwa, inakula stima kidogo, na kwa kazi fupi ya mtu mmoja haina mpinzani. Kubwa ni nzito na ya zamani, lakini inahudumia watu wanane kwa pamoja, na stima ikipotea haisahau. Nikasema kwa hapa kwetu, kwa sasa, tukiweka moja tutakuwa tumekosea, tuziweke zote mbili. Na programu yangu ya disketi nimeimaliza juzi. Ile ndogo sasa inafunga fundo kila robo saa. Hesabu ya Daktari niliirudia humo, nikapata mbegu zile zile arobaini. Nilikuwa nikirukaruka kama Waweru. Bwana Thuo amekubali yote. Darasa litajengwa kwingine.

Jambo la mwisho. Barua yako ya maelekezo niliiacha kwenye droo ya duka, na Baba aliisoma. Siku ya pili alikuja Chepkoilel na koti lake la kanisani, akaniambia, "Nionyeshe." Nilimvutia droo na kumpa kioo. Aliangalia kwa muda mrefu, nikafikiri ameumwa shingo. Halafu akasema, "Mama yangu alikuwa akifuma kiondo hivi, akipumua kwa pembeni." Kisha akasema, "Huyu si nesi," akaenda nyumbani. Hakusema kwa hasira.

Mwihaki


Manchester
9 Aprili 1991

Mama yangu mdogo,

Barua yako ya Februari ilifika salama. Ilikaa mezani mwezi mzima kwa sababu kila nilipoijibu niliandika uongo, na nilikuwa nimechoka.

Mimi si nesi. Nilikuja hapa mwaka 1966 kusomea unesi. Watu wa kanisa la Turbo walinichangia nauli, mwingine gunia la mahindi, mwingine kuku, wakijua nitarudi niwatibu. Baba yako alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Mwezi wangu wa tatu wodini niligundua siwezi kustahimili damu. Nikiiona naanguka. Walinijaribu wodi nyingine, nikaanguka. Mkuu wa wauguzi alikuwa mwanamke mpole, akaniambia, "Wangari, hili si kosa lako, lakini huwezi kuendelea."

Nilitoka na sanduku langu. Kwenye dirisha la kiwanda kimoja kulikuwa na tangazo, wanatafuta wanawake wenye macho mazuri na mikono mitulivu. Walinipa sindano na fremu wanijaribu. Msimamizi aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa mama yangu. Nilikaa hapo miaka saba, tukiwa wanawake sitini chumba kimoja, tukipitisha nyaya kwenye vipete. Hatukuambiwa fremu zinakwenda wapi. Ile yenu sijui kama niliishika mimi. Inawezekana, na inawezekana ni jirani yangu. Chipu zilipoingia, chumba kilifungwa, na tangu hapo nashona mapazia na kupunguza suruali za watu.

Kazi ile niliipenda, Mwihaki. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa hodari kuliko wengi, na nilirudi nyumbani kila jioni nikiandika barua kuhusu wagonjwa.

Mama alipofariki mwaka 1984, nilimwambia Mburu sikuwa na nauli. Nilikuwa nayo. Niliogopa msiba, watu wamekaa kwenye viti, mtu mmoja ananiletea mtoto mwenye homa akisema, daktari wetu amekuja. Kaka yangu hajaniandikia tangu siku ile, na ana haki.

Barua hii mpe aisome. Mpe mwenyewe mkononi.

Wangari


Munyaka
5 Mei 1991

Kwa Tata,

Mvua imekuja kwa wakati, na zile arobaini zimeota. Daktari Kimutai anapita kwenye mistari kila asubuhi akizihesabu kama mtu anayeogopa zitahama. Sote wazima.

Nilimpa Baba barua mkononi. Aliisoma dukani amesimama, akafunga mlango mchana, kitu ambacho hajafanya tangu nizaliwe. Jumapili hakwenda kanisa letu la Munyaka. Alitupeleka Turbo. Baada ya ibada aliomba nafasi, akasimama mbele. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Mwaka wa sitini na sita nilipita kwenu nikiwaomba mnichangie dada yangu awe nesi. Dada yangu hakuwa nesi. Alishindwa, akaona haya kurudi. Lakini mwaka huu mtoto wangu alikuwa na mashine iliyokufa, na Wangari aliitibu kwa barua, kutoka ng'ambo ya bahari, na kwa sababu hiyo kuna mahindi yameota Chepkoilel ambayo yangeoza makoponi. Nimekuja kuwaambia nyinyi wenye kuku na magunia. Mkiwa na neno, niambieni mimi."

Nilitaka kuingia chini ya benchi. Halafu Mama Sarah, yule mzee wa kando ya barabara ya Webuye, akainuka kwa fimbo. Anasema alitoa kuku wawili. Akauliza, "Wangari yuko hai?"

Baba akajibu, "Yuko hai, Mama."

"Ana mgonjwa huko, ana mume, ana kitu kinachomzuia?"

"Sijui. Nafikiri hakuna."

"Basi tunakaa hapa tukizungumza kuku kwa nini? Mwambie aje."

Watu walicheka, na wengine walilia, na Baba alikuwa kati ya hao wengine. Nje ya kanisa watu walimzunguka wakiuliza una watoto wangapi, na kama baridi ya huko imekuharibu ngozi.

Bwana Thuo anauliza kama ungeweza kuja kuwaonyesha wanafunzi wetu namna ya kupima na kuunga fremu zilizobaki. Amesema chuo kitakupa nyumba kwa muhula mmoja. Adongo amesema atakaa mstari wa mbele.

Baba amejaribu kukuandikia mara nne na kuchana. Leo ameniambia nimwachie nafasi chini hapa.

Mwihaki

*Wangari. Mama yetu alipokuwa akifa hakumwulizia nesi. Alikuulizia wewe. Mburu.*


Manchester
27 Mei 1991

Mwihaki, na Mburu,

Nimeisoma hiyo mistari ya chini na sikuweza kushona siku mbili. Suruali za watu zimerundikana. Sasa mikono imetulia.

Nimekata tiketi. Nitafika Nairobi tarehe kumi na moja Julai, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Bwana Thuo umwambie nimekubali muhula mmoja, na kwamba nataka meza iwekwe dirishani na wanafunzi wasizidi sita kwa mara moja. Ile programu yako inayofunga fundo nataka unionyeshe na mimi, polepole, kwa sababu hiyo mashine ndogo sijawahi kuiona kwa karibu na nina shauku nayo kuliko ninavyoweza kusema. Mama Sarah nitamletea kitambaa cha gauni. Kaburi la Mama nitaliendea kwanza, kabla ya chai, mimi na Mburu peke yetu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba Mburu asije na watu uwanja wa ndege. Nimelifuta hilo. Waje.

Wangari